Miaka 50 ya Iron Maiden: namna ya kuiweka turne nzima ndani ya lupango yako hapa Lubumbashi

Ndugu zangu wa Lubum, tangu Iron Maiden, ile bendi ya heavy metal ya Uingereza, waanze turne yao ya miaka 50 kule Budapest tarehe 27 Mei 2025, swali ninaloulizwa kila wiki ni moja tu, "yaya, hawa jamaa watafika Kongo siku gani?" Kwetu hawajapiga hata mara moja. Karibu kabisa walifika Afrika Kusini, Mei 2016, Cape Town na Johannesburg, na mwaka ule Bruce Dickinson muimbaji ndiye alikuwa anaendesha mwenyewe ile Boeing 747 yao. Na kuwafuata Bulaya, ukihesabu viza, ndege na pa kulala, ni pesa ya kupandisha nyumba mpaka linta.

Bas, sisi tulichukua orodha ya nyimbo za turne vilevile ilivyo, wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, tukaiweka usiku mmoja kwenye lupango ya mjomba wangu Kamalondo, watu kama 40, spika kubwa, mbabula za makala, na nyimbo kadhaa mtu anaeleza zinasema nini kabla hazijapigwa. Tumerudia mara mbili tangu siku ile. Nataka na wewe ufanye kwenu, Katuba, Ruashi, Kampemba, popote, maana bendi iliyokaa miaka 50 haisikilizwi kwa vipande vya simu, inasikilizwa saa mbili mfululizo na watu wamekaa pamoja.

Kwanza ujue unachosherehekea

Steve Harris, mpiga besi, alianzisha bendi siku ya Noeli 1975, mashariki ya London. Albamu ya kwanza ilitoka 1980 na muimbaji alikuwa Paul Di'Anno, Bruce aliingia na albamu ya 1982. Turne hii wameifunga kwenye albamu tisa za kwanza tu, kutoka 1980 mpaka 1992, hakuna wimbo hata mmoja wa baadaye, na hiyo inakusaidia sana wewe muandaaji kwa sababu mipaka imeshawekwa. Jambo lingine, Nicko McBrain aliyepiga dramu tangu mwanzo wa miaka ya 80 alipiga shoo yake ya mwisho São Paulo tarehe 7 Desemba 2024, sasa aliyekaa nyuma kwenye turne ni Simon Dawson. Di'Anno naye alifariki 21 Oktoba 2024, hakuiona sherehe. Hayo wasomee watu mwanzo wa usiku, dakika tano zinatosha.

Orodha yenyewe, ile ya 2025, ni hii, iandike kwenye karatasi ubandike mlangoni: baada ya ala za The Ides of March wanaingia Murders in the Rue Morgue, Wrathchild, Killers, Phantom of the Opera, The Number of the Beast, The Clairvoyant, Powerslave, 2 Minutes to Midnight, Rime of the Ancient Mariner, Run to the Hills, Seventh Son of a Seventh Son, The Trooper, Hallowed Be Thy Name, Iron Maiden, kisha wanatoka, wanarudi na Aces High, Fear of the Dark na Wasted Years. Nyimbo 17.

Tarehe

Chagua Jumamosi ya kiangazi, Mei mpaka Septemba. Mvua za Lubum hazina huruma na spika za kukodi, na mwenye spika atakulipisha. Ila Juni na Julai usiku kunakuwa baridi kweli, tuko kama mita 1200 juu, kwa hiyo waambie watu waje na koti, na mbabula tatu au nne za makala ziwekwe nje pembeni, kamwe sio ndani ya chumba kilichofungwa, ule moshi usioonekana unaua watu wamelala.

Anza 18h00, maliza 21h30. Watu wengi watasema mapema sana, usiwasikilize. Ukimaliza 21h30 pikipiki na taksi bado zipo, mama za wasichana hawatakasirika, na jirani atakupa ruhusa mara ya pili.

Jirani, shefu wa kartye na papa pasta

Hapa njo kazi yenyewe iko, wengi wanaipita wanakimbilia spika, halafu saa 20h askari wako mlangoni. Wiki mbili kabla nenda kwa shefu wa kartye, mwambie tarehe, saa ya kuanza na saa ya kufunga, uliza komini inataka karatasi gani na malipo gani, na chochote utakacholipa udai risiti yenye muhuri. Siku ya tukio hiyo karatasi ikae mfukoni mwako wewe mwenyewe, sio kwa rafiki aliyeenda kununua mkate.

Jirani wa kuta nne wapigie hodi mmoja mmoja. Usitume ujumbe. Enda na mama yako au shangazi kama wewe bado kijana, mlango unafunguka tofauti kabisa akisimama mtu mzima. Wape namba yako ya simu na uwaambie "mama, kama mtoto anashindwa kulala nipigie mimi, nitapunguza palepale", na kweli akikupigia punguza. Nyumba yenye mgonjwa au matanga, ahirisha, hakuna mjadala.

Sasa kanisa. Karibu kila avenyu yetu iko na kanisa na mtu akisikia The Number of the Beast anafikiri mnaabudu shetani, na siwezi kumlaumu, 666 iko pale wazi wazi. Mimi nilienda kwa pasta wa nyuma ya lupango, nikasema "jambo yenu papa pasta, Jumamosi tutakuwa na muziki wa Wazungu wenye kelele, nimekuja kuwaeleza kabla hamjasikia kwa wengine." Nikafungua Biblia kwenye Ufunuo 13:18, nikamwonyesha kwamba yale maneno yanayosomwa mwanzo wa wimbo yametoka mulemule, Ufunuo sura ya 12 na ya 13, na kwamba Steve Harris aliandika wimbo baada ya kuota ndoto mbaya kwa sababu ya filamu ya kutisha aliyoangalia, yaani mtu anayeimba anaogopa, hashangilii. Mwaka 1982 kule Marekani watu wa dini walichoma sahani zao za muziki kwa kutoelewa hilo. Pasta alikaa kimya, akasoma ule mstari mara mbili, akaniuliza tu tutamaliza saa ngapi. Nikamwambia, na tukamaliza saa ileile.

Ushauri wangu hapa ni mkali kidogo: usiweke picha ya Eddie, lile zimwi lao, kwenye geti la nje. Ndani weka kubwa unavyotaka, Derek Riggs aliichora vizuri na inastahili ukuta mzima. Lakini mtoto wa miaka minne anayepita barabarani hakuchagua kuiona. Na epuka siku ya mkesha wa maombi, uliza ni lini.

Umeme

Usitegemee SNEL. Hata kama kwenu umeme umekaa wiki nzima bila kukatika, siku ile utakatika, na ukirudi utarudi na nguvu isiyo sawa, na projekta haipendi hivyo. Panga usiku wote kwa jenereta halafu SNEL ikiwepo iwe ya taa tu.

Hesabu ni rahisi. Spika mbili zenye amplifaya ndani yake, hata kama zimeandikwa wati 1000 kila moja, kwa wastani zinakula kama 200 mpaka 300 kila moja. Projekta kama 300. Laptop 65. Taa 50. Unafika karibu wati 1000. Usikodi jenereta ya wati 1000! Dramu ikigonga, spika zinavuta kwa ghafla zaidi ya wastani, na jenereta ndogo inashtuka, sauti inapasuka, taa zinacheza. Chukua ya kVA 2.5 au 3, yaani kama wati 2000 na zaidi. Mafuta kadiria lita moja na nusu kwa saa ili usikose, lita 8 zinatosha usiku wetu pamoja na kujaribu mchana.

Mara ya kwanza nilikodi kwa mtu fulani bila kuijaribu, akaniapia iko nzima, ikazima katikati ya wimbo wa nne na watu 40 wakabaki gizani, tukapoteza dakika 35 kusafisha plagi kwa mwanga wa simu. Tangu hapo jenereta inafika kwangu masaa sita kabla ya kuanza, inawashwa na mzigo wote juu yake kwa saa nzima, spika, projekta, kila kitu, ndio ninalipa nusu ya pili.

Iweke mita 15 au 20 mbali, nyuma ya nyumba au nyuma ya ukuta, upande ambao upepo unapeleka moshi nje. Ralonji iwe nene na ikunjuliwe yote, ukiiacha imeviringishwa inapata joto mpaka plastiki inayeyuka. Na tafadhali sana, usichomeke jenereta kwenye soketi ya nyumba ili iwashe nyumba nzima, umeme unatoka nje kwenye waya za barabarani na fundi aliyepanda nguzo anakufa. Toa ralonji moja kwa moja kutoka kwenye jenereta mpaka kwenye vyombo. Mafuta usiongeze injini ikiwa ya moto, zima, ngoja, ongeza wakati wa kula.

Umbali huo una sababu nyingine, nitaifikia.

Sauti

Spika mbili za inchi 15 zinatosha lupango ya watu 50. Ziinue, ile sehemu ya juu inayotoa sauti nyembamba ipite vichwa vya watu waliokaa, meza imara na matofali inafaa. Usizisukume kwenye kona ya ukuta kwa sababu kona inaongeza besi ya uongo na kila kitu kinakuwa uji.

Fundi wetu wa sauti wengi wamezoea kuweka besi juu, sauti nyembamba juu, na katikati wanashusha. Kwa muziki mwingine inapendeza. Kwa metal unaua bendi, maana gitaa zao, sauti ya Bruce, na ile besi ya Steve Harris inayogonga kama farasi anakimbia, zote zinaishi katikati. Mwambie fundi, kwa heshima, "mukubwa, leo tuache vyote kwenye sifuri", halafu kama kuna uzito mbaya ashushe kidogo kwenye 250 mpaka 400 Hz, basi. Simama mwenyewe nyuma kabisa ya watu usikilize, usisikilize ukiwa mbele ya spika.

Ukubwa wa sauti: shusha programu ya kupima desibeli kwenye simu, haiko sahihi kama kipimo cha kweli ila inakupa picha. Sikio linavumilia desibeli 85 kwa saa nane, lakini kwenye 100 ni dakika 15 tu kabla ya kuanza kuumia. Mi naweka 90 katikati ya lupango, nyimbo za mwisho zinapanda kidogo. Watoto na wazee wakae nyuma.

Laptop iunganishe kwa waya, sio bluetooth. Zima intaneti, zima ujumbe, zima kila kitu kinacholia.

Nyimbo utazitoa wapi

Video za turne zilizorekodiwa na simu usiziweke. Zinatetemeka, sauti imebanwa, na meneja wao Rod Smallwood mwenyewe aliomba watu waache simu mfukoni wakati wa shoo, tuheshimu hilo. Pia usitumie faili alizokutumia mtu kwa WhatsApp, zimeminywa, kwenye spika kubwa matoazi yanalia kama maji yanakaangwa.

Mimi nilijenga shoo kutoka kwenye albamu zao za moja kwa moja, na hii njo siri niliyoitafuta usiku mwingi. Live After Death ya 1985 inakupa nyimbo 11 kati ya 17: Wrathchild, Phantom, Beast, Powerslave, 2 Minutes, Rime, Run to the Hills, Trooper, Hallowed, Iron Maiden na Aces High pamoja na ile hotuba ya Churchill inayotangulia. Maiden England '88 inakupa nne, Killers, Clairvoyant, Seventh Son na Wasted Years. Fear of the Dark ichukue kwenye Rock in Rio, waliyoirekodi Brazili Januari 2001 mbele ya watu kama 250,000, utasikia umati unaimba gitaa, sio maneno, gitaa lenyewe, nywele za mkono zinasimama. Imebaki Murders peke yake, hiyo weka ya studio ya 1981 na The Ides of March mbele yake, Di'Anno anaimba na Clive Burr, ambaye naye hatuko naye tangu 2013, yuko kwenye dramu. Nyingine zote ni Nicko. Kwa hiyo usiku wako unakuwa pia wa kumuaga Nicko, na mimi niliusema hivyo kwenye maikrofoni.

Zinunue, pakua kwa MP3 ya 320 au FLAC (faili za ubora wa juu), usiku wakati intaneti iko nafuu. Albamu hizi hazina ukubwa mmoja wa sauti, ile ya 1985 iko chini na ya Rio iko juu, zisawazishe mapema kwenye programu ya Audacity na ungeunge makelele ya watu mwisho wa wimbo mmoja na mwanzo wa mwingine sekunde tatu au nne. Ukifanya vizuri hakuna atakayesikia kiungo.

Usiku wenyewe

Saa moja ya kwanza watu wanaingia, pigeni Zamrock. Ndiyo, rock ya jirani zetu wa Zambia. Bendi kama WITCH, Amanaz wa Kitwe, gitaa zenye mchanga, na albamu ya Amanaz ilitoka 1975, mwaka uleule Steve Harris alianzisha bendi. Baba zetu waliokuwa wanavuka Kasumbalesa wanazikumbuka. Mzee mmoja kwetu alisimama akaanza kucheza kabla hata Maiden hawajaanza, na ndio usiku ulianza pale kweli.

Kisha maelezo kabla ya nyimbo. Sio zote, watu watachoka. Dakika moja, mbili, kwa Kiswahili chetu. Murders na Phantom zimetoka kwenye hadithi za vitabu, sema hivyo uende. Trooper ni wapanda farasi wa Kiingereza waliotumwa mbele ya mizinga ya Warusi, Balaclava, 1854, na amri yenyewe ilikuwa ya makosa. Powerslave ni farao anakufa na anashangaa mungu anakufaje.

Lakini kuna mbili ambazo hapa Katanga usizipite haraka. 2 Minutes to Midnight inazungumzia ile saa ya wanasayansi wa Marekani inayoonyesha dunia iko karibu kiasi gani na kuangamia kwa bomu la nyuklia, 1953 waliisogeza mpaka dakika mbili kabla ya saa sita ya usiku. Simamisha muziki uwaulize watu: uranium ya bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, sehemu kubwa ilitoka wapi? Shinkolobwe. Pale karibu na Likasi, njia tunayopita kila siku. Kwetu kijana mmoja ambaye babu yake alikuwa mfanyakazi wa migodi alisimama akasema jambo ambalo familia yao ilikuwa inalisema nyumbani tu, na baada yake wimbo ulipoanza hakuna aliyekuwa mgeni tena kwenye muziki huo.

Ya pili ni Run to the Hills. Ubeti wa kwanza anaongea mwenyeji wa Marekani aliyeona Mzungu anafika na kuharibu, ubeti unaofuata anaongea askari anayemfukuza. Wakumbushe Msiri, Bunkeya, 20 Desemba 1891, aliyepigwa risasi kwake mwenyewe na watu wa msafara uliotumwa kwa ajili ya mfalme Leopold. Usihutubie. Sema tarehe, sema jina, washa wimbo.

Kula ni kabla ya Rime. Michopo, bukari, mboga, bia ya Simba kwa anayekunywa na munkoyo kwa asiyekunywa, na mtungi wa maji safi ambao watu wanasahau siku zote. Dakika 30, jenereta inapumzika na kupewa mafuta.

Halafu Rime, dakika zaidi ya 13, shairi la Coleridge la 1798. Isimulie yote kwanza, baharia anaua ndege aliyewaletea upepo mzuri, meli inakwama, maji yamewazunguka na hakuna hata tone la kunywa, wenzake wanaanguka wafu mmoja mmoja yeye anabaki. Zima taa zote, acha makala tu. Katikati ya wimbo vyombo vinanyamaza, unasikia mbao za meli zinalia na sauti ya mtu chini chini, na hapa njo sababu ya jenereta kuwa mita 20 nyuma ya ukuta, ikiwa karibu kile kimya kimekufa. Mtu asiongee. Mimi nasimama mbele kabisa na kidole mdomoni. Bendi inaporudi, utaona mwenyewe sura za watu.

Baada ya pale, ukitoa yale machache ya Run to the Hills na Trooper, usieleze tena kitu, acha nyimbo ziende zenyewe. Hallowed watu waimbe, Iron Maiden funga, weka giza dakika mbili watu waite. Wataita. Hotuba ya Churchill, Aces High, Fear of the Dark wote wamesimama, Wasted Years ya mwisho.

Taa ziwashwe polepole. Vijana wawili uliowapanga mapema wasindikize wasichana na wazee mpaka barabarani kwenye pikipiki, wengine wanamwagia maji mbabula na kuokota chupa usiku uleule, sio asubuhi. Spika zirudi kesho kabla ya saa sita ya mchana, ukiwa umezifuta vumbi, na ukitoka huko pitia kwa jirani wanne na kwa papa pasta kuwashukuru.